Kuku Mwekundu wa Riziki

Mimi simwamini mtoto anayeimba na wenzake. Darasa zima likipiga kelele "a, e, i, o, u", hata kigoda kitaonekana kimesoma. Ndiyo maana pale chekechea yetu ya Bigwa kila mtoto husimama mlangoni anisalimie peke yake, na asiyesalimia haingii. Wazazi wanasema Mwalimu Magreth ana gubu. Ninalo, na sijaomba dawa.

Riziki aliletwa na bibi yake mwezi wa kwanza. Miaka minne, msafi, nywele zimesukwa vizuri. Alisimama mlangoni akautazama mdomo wangu, wala shikamoo hakutoa. Akitaka maji alinivuta kanga. Akikataa kitu aligeuza uso. Nilipiga makofi nyuma ya kisogo chake, akashtuka, kwa hiyo masikio yalikuwa mazima. Nikamwacha aingie. Sheria ni yangu, na kuivunja ni kwangu.

Mama yake, Veronika, anafanya vibarua kwenye mpunga Dakawa, na alimwacha kwa bibi akiwa hajajua kutembea. Huyo bibi, Bi Catherine, analima mboga huko mteremkoni. Alikuwa akishuka sokoni mjini na tenga lake kabla hapajakucha, huku nyuma mtoto kafungiwa ndani na sufuria ya uji na kuku mwekundu. Akirudi jioni mgongo umekwisha. Anapika, wanakula, wanalala. Sikuona mtu mbaya hapo. Mtoto hakupigwa na hakulala njaa. Hakusemeshwa tu, na maneno si magugu, hayaoti yenyewe.

Bi Catherine yeye alisema ni udata, yaani kile kiutando cha chini ya ulimi kimembana mtoto. Mwanawe Fransisko angeshuka Ijumaa amchukue Riziki kwa fundi mmoja huko juu mlimani, anayekikata kwa wembe. Nilimweleza kwamba kila siku namwona mjukuu wake akilamba uji uliomrukia puani, sasa ulimi unaofika puani una udata gani? Alinisikia. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Siwezi kujifanya silijui hilo, na mimi nimezaliwa humo humo.

Niliogopa. Nimewahi kukaa matanga ya mtoto wa jirani yangu aliyekatwa na wembe wa namna hiyo, damu ikagoma kukatika. Mambo ya namna hiyo mtu hayaoni mara mbili akakaa kimya.

Ijumaa Fransisko alikuja na mama yake, kuku mwekundu kamfunga miguu, kamtia kwapani. Kuku ndiye aliyekuwa ujira wa fundi. Alinisalimia kwa adabu zote, akanisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kuamua. Nikamwomba tumpeleke mtoto zahanati kwanza. Akasema walishakwenda, wakapewa dawa ya minyoo. Nikamwambia ulimi wa huyu hauna kasoro, amekosa mtu wa kuzungumza naye. Akacheka kidogo, akaniuliza tangu lini mtoto akafundishwa kusema, mbona wao hawakufundishwa na mtu. Nyumba yao ilikuwa na watu kumi na mmoja, lakini nani angemkumbusha hilo wakati huo?

Nikaona maneno yameisha, limebaki la utani. Ukoo wake na wangu ni watani. Alipofariki baba yake nilikalia kitanda cha marehemu, nikagoma kuinuka mpaka waliponipa jogoo, na hakuna aliyenuna, maana mtani hanuniwi. Basi nikamnyakua kuku kwapani mwake. Nikasema huyu ni wangu, leo mchana nanywa supu, fundi wao akale mchicha. Nilitaka angalau siku hiyo wasiende.

Wapi! Fransisko alicheka kweli kweli, akaniambia chukua mtani, fundi nitamtafutia mwingine njiani. Akamwita Riziki waondoke.

Kuku naye alikuwa akipiga kelele mikononi mwangu na kujipigapiga mbawa. Riziki akatoka kwenye mstari wa wenzake. Hakwenda kwa mjomba, alinijia mimi. Akaweka kiganja juu ya mgongo wa kuku na kumpapasa taratibu, kisha akasema, kwa sauti ya chini, nzito, iliyochoka kama ya mtu mzima:

"Nyamaza. Usilie. Bibi anarudi jioni."

Kuku akatulia.

Fransisko alimgeukia mama yake. Bi Catherine alikuwa amekaa chini pale kwenye ngazi, mkono mdomoni.

"Hayo ni maneno yangu," alisema. "Namwambia kila asubuhi nikifunga mlango. Sijampa mengine."

Nilimweka kuku chini. Fransisko alichuchumaa akamfungua kuku miguu, akahangaika na ile kamba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Aliposimama alisema atapanda mlimani peke yake, akamwambie fundi asimngoje mtu.

Kuku sikumrudisha, utani ni utani. Yuko uani kwangu, na Riziki akimtaka sharti amwombe kwa mdomo, maana kuvutwa kanga nimekataa. Bi Catherine siku hizi anapita kwangu alfajiri amwache mtoto. Kwanza hutua tenga chini, wakachuchumaa wote wawili, akawa anatoa fungu moja moja na kumwambia jina lake: mchicha, matembele, mnavu. Riziki hurudia polepole, na akikosea bibi huanza upya. Sokoni anafika wenzake wamekwisha kupata wateja, na hajalalamika hata siku moja.