Subira Iliyokwenda Herat

Mwaka 2021, Sydney ya magharibi ilipofungiwa ndani kwa ajili ya Korona, Verdiane alijikuta akimwonea wivu msichana ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha.

Msichana huyo aliitwa Parwana, wa Herat, Afghanistan. Taliban walikuwa wamewafungia wasichana wakubwa milango ya shule, naye akawa anajificha stoo kwa shangazi yake, simu ya kaka yake mkononi, akingoja somo. Mwalimu wake alikuwa Déborah, binti wa Verdiane, aliyemfundisha hesabu kila alasiri kwa mtandao kutoka chumbani kwake, Rooty Hill, huko huko Sydney.

Verdiane hakuchukia mtoto wa watu kufundishwa. Kilichomchoma ni ile sauti. "Pole pole, dada yangu. Tuanze tena," Déborah alimwambia Parwana kwa Kiingereza, kama anayebembeleza kichanga. Ilhali yeye, mama mzazi, aliyekuwa akihangaikia cheti cha kuhudumia wazee ili aachane na kazi ya usafi huko St Marys, akiuliza jambo mara ya pili aliambulia kununiwa: "Maman, si nilikuambia jana?"

Siku moja yakamfika shingoni. Katikati ya somo alichomoa waya wa intaneti ukutani.

Déborah alitoka mbio. "Maman! Kaka yake akirudi, hawezi tena kushika simu! Umefanya nini?"

"Nimechoka!" Verdiane alifoka. "Mimi nilitoka shuleni darasa la tano, vita ilipoingia Walungu, kwetu Kongo. Nani alinitafuta anifundishe? Leo mwalimu yuko ndani ya nyumba yangu, anakula ugali wangu, na utamu wote anampelekea mwingine!"

Déborah akauchomeka waya, akarudi chumbani, akavuta kiti cha pili mezani. "Kuja, Maman. Kaa hapa."

Sauti ya Parwana ilirudi, imejaa hofu. Déborah akamtuliza, akamweleza kwamba mama naye anajiunga.

"Mama amefika darasa la ngapi?" Parwana aliuliza. Déborah akatafsiri, akajibu.

"Oo. Pole, mama. Mimi wamenikatiza nikiwa la nane."

Pole ile ndiyo iliyomkata maini Verdiane. Kumbe hata aliyejificha stoo amemzidi madarasa matatu, tena anamhurumia! Akaikwapua kalamu.

"Sasa hii herufi inatafuta nini kwenye hesabu?"

Déborah akaeleza. Akaeleza tena, na mara ya tatu, bila kuguna. Verdiane ndiyo kwanza anaandika mstari wa pili, Parwana akataja jibu.

"Mwambie anyamaze! Aningoje!"

Huko Herat msichana aliangua kicheko, kisha akajiziba mdomo asisikike nje.

Kesho yake Verdiane aliwahi mezani kabla ya somo. "Nifundishe kidogo sasa hivi," alimnong'oneza bintiye, "kabla yule mtoto hajaingia."