Mwili Uliozidisha Kupona

Katika jengo lile la ghorofa tano kila mtu alimwita Mama Redio, na yeye mwenyewe hakuona ubaya. Saluni yake ya kusuka nywele ilikuwa chini, karibu na lango. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya nne. Na kati ya saluni na nyumba palikuwa na ngazi sitini na nane na milango kumi na miwili ya watu wenye habari. Alipanda akiongea, akashuka akiongea.

Ila kwa wiki tatu sasa, alikuwa akipanda akidanganya.

Miezi saba nyuma moyo ulimbana akiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja. Hospitali wakampitishia mrija mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye mshipa wa moyo uliokuwa umeziba, wakautanua, wakaweka stenti, kile kibomba cha waya kinachobaki ndani kuushikilia mshipa usisinyae. Alitoka mzima. Lakini mwanawe mkubwa, kwa mapenzi yake, alitoa hukumu palepale wodini: "Mama, safari hii nimekubali uendelee na kazi. Ukizidiwa tena, saluni tunaifunga na unahamia kwangu."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akagonga muhuri. "Na atazidiwa tu. Namjua huyu. Mdomo unaongea hivyo, unadhani kula unakulaje?"

Basi kifua kilipoanza tena kubana kwenye ngazi, kama mtu kakikalia, Mama Redio hakusema. Vidonge alivimeza kila siku, na ladha ya chumvi alishaisahau. Lakini nani angemwamini? Akabuni ujanja. Kifua kikibana, anagonga mlango ulio karibu: "Hodi! Ya mwenye nyumba mmeyasikia?" Anaegemea mlango, wao wanasema, yeye anapumua. Dakika tatu, maumivu yanaondoka, naye anaondoka. Jengo zima likaanza kulalamika kwamba Mama Redio tangu apone amezidi umbea.

Aliyemnasa ni fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Siku hiyo fundi alikuwa akisimulia jinsi mwenye nyumba alivyochumbia wanawake wawili ndani ya mwezi mmoja, na jinsi wachumba hao walivyokutana kwenye foleni ya benki wakaanza kuonyeshana picha za mwanaume wao. Alisimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akaweka mkasi chini.

"Mama Redio, wewe unaumwa."

"Mimi? Mzima kama chuma!"

"Umbea wote huo, mtamu namna hiyo, na hujanikatiza hata mara moja. Miaka kumi na moja sijawahi kumaliza sentensi mbele yako. Kaa chini."

"Tafadhali mwenzangu, usimwambie mwanangu."

"Simu inaita tayari, sikia. Aje mbio."

Kesho yake asubuhi alikuwa hospitalini, juu ya meza ya matibabu, mkono umenyooshwa, macho wazi, skrini mbele yake. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya upole, aliingiza rangi mshipani kwa mrija. Ikateremka vizuri, halafu palepale penye stenti ikawa nyembamba kama uzi. Daktari akapitisha kijimashine kidogo cha kupiga picha kwa ndani. Akatazama. Akasogea karibu zaidi na skrini.

"Daktari, sema tu," Mama Redio alinong'ona. "Naapa sijaruka kidonge hata kimoja."

"Najua. Ungeacha vidonge, ningeogopa kukuta damu imeganda. Hii si damu, mama. Hii ni nyama ya kupona."

"Kupona?"

"Tulipoutanua mshipa tuliujeruhi. Ukuta wake ukaanza kujitibu, kama ngozi inavyofunga kidonda. Kwa wengi, tabaka jembamba linaufunika waya, kazi inaishia hapo. Wako haukujua kuacha. Umejiponya, umejiponya, mpaka umeziba njia."

"Yaani haujui pa kuishia?"

"Haujui."

"Basi huo ni wangu kweli."

Mtaalamu wa mashine alicheka mpaka akaombwa atulie. Puto dogo la kwanza likapitishwa ndani ya mrija, likajazwa penye stenti, likaikandamiza ile nyama pembeni. La pili lilikuwa limepakwa dawa ya kuutuliza ukuta usiote tena kwa pupa. Lilipojazwa, kifua kilimbana vilevile kama kwenye ngazi, na aliuma meno dakika nzima, jasho likimtiririka. Kisha puto likatolewa, daktari akaingiza rangi tena.

Ikashuka yote! Ikapita kwenye stenti bila kusita, ikasambaa hadi kwenye vijishipa vya mwisho ambavyo mwanzoni havikuonekana kabisa.

"Hiyooo!" Mama Redio akapiga kelele. "Pita, mama, pita!"

Wodini alimkuta wifi yake keshawahutubia wagonjwa wa vitanda vyote kuhusu watu wasiosikia. Mwanawe alisimama pembeni, uso umemshuka. Daktari alipokuja kuwaeleza, alisema wazi: hakuna alichokosea mama huyu, hata mwenye kufuata kila sharti jambo hili linaweza kumpata.

"Daktari, rudia hapo," Mama Redio alidakia. "Yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani hakusikia vizuri."

Daktari akarudia. Wifi akawa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake.

"Na inaweza kurudi?" mwana aliuliza.

"Inaweza. Siwezi kuwadanganya. Ila akisema mapema, tunaiwahi."

Mwana akamgeukia mama yake. "Kumbe ulinificha kwa ajili ya yale maneno yangu."

"Kwa ajili ya saluni yangu, mwanangu. Sasa tupatane. Kifua kikinibana hata kwenye ngazi ya kwanza, nakupigia papo hapo. Na wewe hilo la kufunga usilitamke tena."

"Silitamki, mama. Nimekoma."

Wiki mbili baadaye saluni ilijaa hadi watu wakakaa kwenye ndoo. Mama Redio alisimama katikati, ameshika kitana, akieleza kwa mara ya kumi jinsi mwili wake ulivyopona kuliko walivyouagiza. Fundi cherehani alijaribu kuchangia, akakatizwa. Akajaribu tena, akakatizwa tena, akakaa akitabasamu. Wifi yake, kwenye kiti cha kusukwa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akalalamika: "Wifi, si unimalizie kwanza?"

"Tulia wewe! Ndiyo kwanza tunafika kwenye puto la pili."