Mahali pa Aleksei

Shemasi Yevlampi alikuwa na sauti ya kutikisa vioo, na kila ibada aliitumia kuwaombea watu wa nyumba ya Kaisari wa Urusi kwa majina: Nikolai mwenyewe, mkewe, mama yake mzazi, na mwisho mrithi wa kiti cha enzi, mtoto mgonjwa Aleksei. Kwa mrithi sauti ilizidi kunenepa. Wanakijiji wakasema shemasi wao anampenda mtoto wa Kaisari kama wa kumzaa.

Kumbe aliyekuwa akimwombea ni wa kumzaa hasa. Mwanawe naye aliitwa Aleksei, Alyosha kwa watu wa nyumbani, na alikuwa amepotea vitani huko Galisia. Jeshi halikusema amekufa wala halikusema yu hai. Padri Pankrati alingoja mpaka theluji ikaanguka, kisha akamwambia shemasi amhesabu kijana pamoja na marehemu, asijidanganye. Yevlampi hakubisha. Alimficha tu mwanawe ndani ya jina la mwana wa mfalme, akaendelea kumwombea na wazima. Siri hiyo aliijua mkewe Glafira peke yake.

Sasa Kaisari alikuwa amekiacha kiti, katikati ya Kwaresima. Jumamosi padri alimvuta shemasi pembeni ya madhabahu.

"Kesho ukifika pale pa Kaisari, sema 'Serikali ya Muda iliyobarikiwa'. Basi, unaendelea."

"Na majina, Baba?"

"Majina hakuna."

"Tutakiombea miaka mingi kitu cha muda?"

"Yevlampi, usinitanie! Savva na kamati yake ya mapinduzi watakuwa wamesimama mbele. Ulimi hauna mfupa, na wako ndio kabisa."

Savva alirudi kutoka Galisia na mguu mmoja, gongo, na utepe mwekundu kifuani. Alikuwa kikosi kimoja na Alyosha wa shemasi, lakini alipoulizwa alisema hakuona kitu, kulikuwa na moshi. Tangu hapo, akienda kisimani, alizunguka nyuma ya mabanda ili asipite mlangoni kwa shemasi.

Nyumbani Glafira alipakua supu ya uyoga, naye hakula.

"Baba Alyosha, ukimtoa kwa wazima utamweka wapi?"

"Mama, amri ni amri."

"Nimekuuliza utamweka wapi."

Yevlampi aliweka kijiko chini. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kamati. Aliona kwamba akiliruka jina lile kesho, atakuwa amemzika mtoto kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumapili kanisa lilijaa. Savva alisimama mbele na gongo lake, akitazama kila mdomo. Shemasi akatoka, akainua ncha ya mshipi wake wa ibada kama ilivyo desturi, akaanza maombi. Akafika pale.

"Kwa ajili ya Serikali ya Muda iliyobarikiwa, tumwombe Bwana."

Kwaya ikavuta pumzi iitikie. Shemasi hakushusha mkono.

"Na Aleksei," akasema.

Wanakwaya wakatazamana. Gongo likagonga sakafu.

"Aleksei yupi huyo, Baba Shemasi?" akauliza Savva. "Sema watu wasikie. Mnamrudisha mtoto wa Kaisari kwa mlango wa uani?"

"Wangu," akasema Yevlampi, na ile sauti ya vioo haikuwepo. "Ni Alyosha wangu. Hata zamani alikuwa yeye. Yule mtoto mgonjwa wa watu nilimtaja jina tu, maombi yote nikampa wangu. Mungu anisamehe."

Savva alisogea hatua moja kwa gongo. Akataka kuvua kofia, ingawa tayari alikuwa ameishika mkononi. Mkono ulipapasa nywele tupu. Alipozungumza ilikuwa kama mtu anayeomba.

"Baba Shemasi, mshushe. Mpeleke kwa wale wengine. Nilimfumba macho mimi mwenyewe."

Watu wote walisikia. Ule mshipi bado ulikuwa juu. Kisha nyuma kabisa, upande wa wanawake, Glafira akaitikia peke yake, sauti imepasuka: "Bwana, hurumia." Kwaya ikamfuata.

Baada ya ibada shemasi alisimama kwenye meza ya marehemu, penye mishumaa, akaimba jina la mwanawe kwa sauti ndogo. Savva alisimama karibu naye mpaka mwisho, na waliporudi nyumbani alipita njia ya mbele, mlangoni kwa shemasi.

Jumapili iliyofuata Yevlampi aliiombea serikali kama alivyoagizwa, bila kosa. Padri akashusha pumzi. Lakini Glafira alikuwa akimtazama mumewe, akaona kwamba baada ya neno "iliyobarikiwa" midomo yake ilitaja jina moja tena, bila sauti.

"Umemwita nani?" akamuuliza njiani. "Wetu si tumeshamweka?"

"Aleksei," akasema Yevlampi. "Yule wa watu, wa Kaisari. Mahali pake pamebaki wazi, na sikuwahi kumwombea hata siku moja."