Kamera Isiyo na Kasoro

Jumamosi ya pili ya Machi, mwaka 1989, Lameki aliteremka kwenye basi la Muleba mjini Bukoba, akafuta vumbi viatuni kwa jani la mgomba, kisha akaanza kuuliza swali moja kutoka duka hadi duka: ni nani hapa mjini anayeuza kamera bila kumwibia mtu?

Alimuuliza muuza vitenge. Alimuuliza fundi cherehani. Alimuuliza hata mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyekuwa amekuja kununua betri. Haki ya kuuliza alikuwa nayo. Miaka kumi nyuma, vita vya Kagera vilipokwisha na bidhaa za kila namna zikawa zinapita Kyaka mikononi mwa watu wasiopenda kuulizwa maswali, alinunua redio nzuri yenye mkanda wa ngozi. Alipoifungua nyumbani kwake Ijumbi, alikuta ndani jiwe la mtoni lililoviringishwa kwa gazeti. Jiwe hilo bado alikuwa nalo, lilizuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Tangu siku hiyo Lameki, karani wa mizani ya kahawa ambaye hakuna mkulima aliyewahi kumlalamikia, aliapa kwamba hatadhulumiwa tena. Kudhulumiwa kulimuuma sana. Kudhulumu ni habari nyingine, nayo tutaifikia.

Wote watatu walimtajia jina moja, Suryakant. Duka lake lilikuwa katikati ya mawili yaliyofungwa, ya Wahindi wenzake waliokwisha kuhamia Mwanza au Uingereza. Sifa yake ilitokana na saa. Mwaka 1978, mabomu yalipoanza kuanguka, kila mtu alikimbia na kitu alichokithamini. Suryakant alikimbia na gunia la saa za watu, zilizoletwa dukani kutengenezwa, akaacha vyombo vyake vya ndani. Aliporudi alizigawa zote kwa wenyewe, zikiwa zinatembea. Tatu ambazo wenyewe walikuwa wamekufa alizipeleka kwa wajane wao, si kwa kaka zao. Habari hiyo Lameki aliisikia mara mbili asubuhi ile, na mara zote mbili alitazama viatu vyake.

Kamera aliitaka kwa ajili ya kibanja, shamba la kuzunguka nyumba. Kaka yake, Datius, alikuwa amekufa Agosti iliyopita kwa ule ugonjwa ambao watu wa Kagera waliuita Juliana kabla haujapata jina la hospitali. Aliacha nyumba ya bati, kibanja cha migomba na mibuni, na mke, Kemilembe, ambaye hakujaliwa mtoto. Januari Kemilembe alikwenda kwao Rubafu kumuuguza mama yake kwa wiki tatu. Wiki hizo Lameki alizitumia kubadilisha kufuli. Kufuli nalo alilichagua kwa makini, akalivuta mara nyingi dukani kabla ya kulipa. Kemilembe aliporudi na kikapu cha samaki kichwani, aliambiwa kwamba ukoo umekaa, mrithi ni Lameki, na mwanamke aliyehama mwenyewe hana cha kudai. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama siku yake ikifika atazikwa pale, kando ya Datius, maana alikuwa amekwisha kuanza kukohoa. Lameki alisema hilo litazungumzwa.

Lameki alijua kwamba amekosa. Haikupita siku asilijue hilo, na chakula kilikuwa kimeanza kumshinda.

Kemilembe alirudi kwao Rubafu, akapeleka shauri kwenye baraza la wazee, Nshamba. Baraza likamtaka Lameki alete picha za kuthibitisha kwamba nyumba iliachwa tupu. Nshamba ilikuwa na wapiga picha wawili. Mmoja alikuwa amekufa, na wa pili alikuwa na foleni ya misiba mpaka Pasaka. Ndipo Lameki alipoamua kununua kamera yake mwenyewe.

Suryakant alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Unataka kupiga nini, bwana?"

"Nyumba na shamba," Lameki alisema. "Mahali pasipo na mtu."

Mzee alishusha kamera moja kutoka rafu ya juu, akamfundisha kuweka filamu, kisha akatoka naye barazani kuijaribu. Alipiga barabara, akampiga mbuzi aliyekuwa akila boksi, akampiga na Lameki mwenyewe.

"Garantii mwaka mmoja," alisema. "Ikionyesha kitu ambacho hakipo, au ikiacha kilichopo, niletee nikubadilishie."

"Na ikiharibika?"

"Hiyo ndiyo kuharibika."

Mkewe, Sumitra, aligonga muhuri kwenye karatasi. Yeye ndiye aliyesafisha filamu za wateja, katika chumba cha giza nyuma ya duka. Lameki alitoka pale na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu msiba. Amepata kitu halali, kwa mtu halali.

Jumatatu alipiga picha kumi na mbili kibanjani. Hapakuwa na mtu, palikuwa na kuku tu. Alhamisi alirudi mjini, na Sumitra akamtandikia picha juu ya kaunta.

Kemilembe alikuwamo katika zote kumi na mbili. Katika ya kwanza aliinama akipalilia kati ya migomba, amevaa gauni lake la kahawia. Katika ya nne alikuwa anakata majani makavu. Katika ya saba aliketi mlangoni, chini ya kufuli, akichambua maharage. Katika ya mwisho alikuwa analifagia kaburi la Datius.

"Zimetoka vizuri," Sumitra alisema. "Mama huyu ana mkono wa shamba."

"Huyu yuko Rubafu," alisema Lameki.

"Rubafu ni mbali," Sumitra alikubali.

Suryakant alibadilisha miwani, akazikagua picha moja moja. Kisha akachukua zile za majaribio ya barazani.

"Mbuzi alikuwapo?"

"Alikuwapo."

"Wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Basi kamera ni nzima. Lakini neno langu ni neno langu." Akampa nyingine, ya aina ileile, na Sumitra akagonga muhuri upya.

Kamera ya pili ilimwonyesha Kemilembe amemaliza kupalilia na ameanza kutandaza nyasi kwenye mashina. Katika picha moja aliinua uso akaitazama lenzi, kama mwenye nyumba aliyefikiwa na mgeni chakula kikiwa bado mekoni. Jovita, mke wa Lameki, alizipanga picha hizo juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, akazifuata moja moja kwa kidole.

"Amefika mpaka kwenye miti ya milamula, kule mpakani," alisema. "Wewe hujafika hata nusu."

Ilikuwa kweli. Kibanja chenyewe, kile cha nje ya picha, kilikuwa kimeota magugu. Lameki alikuwa akienda na jembe, anasimama kidogo, kisha anakumbuka kazi nyingine.

"Mrudishie ufunguo," Jovita alisema.

"Ukoo umeshakaa."

"Ukoo hauli na wewe. Mimi ndiye ninayekuona unasukuma sahani. Redio tu, baba, redio yenye jiwe, umeilalamikia miaka kumi. Mwenzako kadhulumiwa nyumba nzima."

Siku iliyofuata Lameki alirudi Bukoba kutafuta, safari hii, muuzaji asiyeaminika. Huyo hakuhitaji kuuliziwa. Alikuwa sokoni, ametandaza kamera juu ya gunia, na aliapa kwa dini tatu kwamba zimetoka Japani wiki hiyo. Filamu ya kamera hiyo ilitoka nyeusi yote, bila nyumba, bila mgomba, bila hata kuku. Lameki aliporudi sokoni, gunia na mwenyewe vilikuwa vimekwisha ondoka. Alikuwa amedhulumiwa tena, na kwa mara ya kwanza aliona ni halali yake.

Kwa hiyo mbele ya baraza alikwenda na picha za Suryakant, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Njiani kuelekea Nshamba aliamua kwamba akiulizwa, atasema ukweli wote. Aliamua kwa dhati, na moyo ukawa mwepesi. Tatizo ni kwamba hakuulizwa.

Mwenyekiti, Mzee Rutashobya, aliwagawia watu kahawa ya kutafuna kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akaziomba picha. Kemilembe alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Alikuwa amekonda mno, na gauni la kahawia lilimpwaya mabegani.

"Huyu ni wewe?" mwenyekiti aliuliza.

Kemilembe alisogea akaangalia. "Ni mimi, tata," alijibu, akimwita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Unafanya nini hapa?"

"Napalilia. Hapa nachambua maharage. Lakini nilikuwa Rubafu, tata, kitandani. Siku hiyo hata uji sikuweza kuunywa."

Wazee walipitishiana picha. Hakuna aliyetia shaka. Mmoja alisifu jinsi nyasi zilivyotandazwa, mwingine akauliza migomba ile ina umri gani, na Kemilembe akamjibu shina kwa shina, maana ni yeye aliyeipanda.

Mzee Rutashobya alikohoa. "Mlalamikaji anasema amefukuzwa kibanjani. Picha zinamwonyesha yumo kibanjani, anapalilia, anafagia kaburi la mumewe. Mtu aliyepo hajafukuzwa. Shauri hili halina msingi."

"Ufunguo anao yeye," Kemilembe alisema.

"Unaingia bila ufunguo. Wa nini tena?"

"Na kuzikwa, tata? Nilichoomba ni kuzikwa kando ya Datius. Hayo mengine nimeyaacha."

"Mtu hazikwi kabla ya siku yake," alisema mwenyekiti kwa upole. "Siku ikifika, tutaona picha inasemaje."

Lameki alikuwa na neno. Lilikuwa neno moja tu, "nilimfungia," na lingetosha. Alikuwa nalo mdomoni pamoja na punje ya kahawa, akazungusha vyote viwili kwa ulimi, akavimeza pamoja. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini aibu haisikiki, na karani wa baraza hakuiandika.

Nje, Kemilembe alimngoja chini ya ukingo wa paa.

"Shemeji, kamera yako ni nzuri. Umeinunua wapi?"

"Kwa Suryakant."

"Nimesikia ni mwaminifu."

"Ni mwaminifu," Lameki alisema.

Alifungua mdomo kuongeza jambo, lakini Kemilembe alikuwa amekwisha kuanza kutembea, polepole, akishika ukuta wa duka moja kisha wa jingine, kuelekea lilikosimama gari la Bukoba.

Alifia Rubafu mwezi wa Novemba, msimu wa senene, siku ambayo watoto wote walikuwa nje na makopo wakiwakamata. Ukoo ulikaa. Mwenyekiti wa Nshamba hakuulizwa, na hakuna aliyemwomba Lameki kupiga picha. Wazee waliona kwamba kaburi la mwanamke likiwa kibanjani litakuwa dai lisilokwisha, basi na azikwe kwao. Walipiga kura kwa kuinua mikono. Mkono wa Lameki ulipanda pamoja na mingine, naye akautazama ukipanda. Alikwenda mazikoni na mkungu wa ndizi, akaimba sauti ya nne pamoja na kwaya, na watu wa Rubafu wakamshukuru kwa kufika.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alichukua kamera akaenda kibanjani. Hakujua anataka nini. Alisimama mbele ya kaburi la Datius. Lilikuwa peke yake, na magugu ya upande wa kushoto yalimfika magotini. Aliyakanyagakanyaga kwa mguu kuhakikisha. Alipiga picha moja, akaenda nyumbani, akalala na viatu.

Alhamisi Sumitra aliiweka juu ya kaunta. Makaburi yalikuwa mawili, ubavu kwa ubavu. La kushoto lilikuwa bichi, udongo wake bado mwekundu, limezungushiwa mawe yaliyochaguliwa vizuri, na mahali pote palikuwa pamepaliliwa mpaka kwenye milamula.

"La pili ni la nani?" Sumitra aliuliza.

"La shemeji yangu. Mke wa marehemu."

"Yule mwenye mkono wa shamba?"

"Huyohuyo."

"Pole sana."

Suryakant aliinama juu ya picha kwa miwani moja, halafu kwa nyingine. Alitafuta karatasi ya garantii ndani ya droo, akaisoma tarehe.

"Bado una miezi minne," alisema. "Kamera ina kasoro yoyote? Sema sasa, nibadilishe."

Lameki alingoja mteja mwingine aingie, anunue balbu, atoke.

"Haina kasoro," alisema.

Sumitra aliifuta picha kwa kitambaa, akaitia kwenye bahasha. "Mmefanya vizuri kumlaza kando ya mume wake," alisema. "Siku hizi wengi hawafanyi hivyo. Wanaangalia shamba tu."

Lameki aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akasema asante.