Nani Ataitika

Herufi e ya mashini ya kuandikia ilikuwa imekwama, na mimi nilikuwa nimekuja kupoteza kazi.

"Musieu, nimekuya kutengeneza," nilisema mlangoni, kofia mkononi. Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka 1957, katika ofisi ya barabara pale Bukavu. Nilikuwa nimeizunguka veranda mara tatu kabla ya kubisha.

Kwetu sisi tuliookoka, neno kutengeneza lilikuwa na maana moja: kumwendea uliyemkosea, kukiri, kurudisha. Lakini mkubwa wangu, Mzungu, alikuwa amejifunza Kiswahili cha kuwaagiza wapishi na mafundi. Aliinua uso, akafurahi.

"A, muzuri sana, Venant! Mashini iko pale. E inakwama tangu jana."

Venant hakuwa mimi. Venant alikuwa kaka yangu. Alikufa kwa homa kijijini kwetu Nyantende, wiki tatu baada ya kupata sertifika ya shule. Mimi, Philémon, sikuwa na sertifika yoyote. Nilikuwa nimeyasoma madaftari yake huku nikichunga mbuzi, mpaka nikajua yote aliyoyajua. Baada ya matanga niliichukua ile karatasi, nikashuka mjini, nikaandikwa karani. Miaka minne niliitikia jina la marehemu, na katika miaka hiyo hakuna barua yangu hata moja iliyorudishwa kwa kosa la tahajia.

Mama alijua. Kila Jumamosi aliteremka na kikapu cha viazi, akasimama chini ya dirisha la ofisi mpaka mkubwa aite, "Venant!" nami nijibu, "Oui, Musieu!" Hapo alifunika mdomo kwa kitenge, akacheka peke yake, akaenda zake sokoni.

"Umesikia vile wanamuita kaka yako?" aliniambia siku moja. "Kwa heshima!"

Nilipookoka sikumwambia mtu habari ya jina, isipokuwa Jean-Baptiste, fundi wa kushona aliyekuwa mwinjilisti wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, pini mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Musieu anakuita Venant," alisema. "Na Yesu, atakuita nani? Ao na yeye umemuonyesha sertifika?"

Alicheka. Mimi sikuweza. Tangu siku hiyo sikukaa kitako. Nilikula nimesimama, nilisali nikitembea.

Basi nilivua koti, nikaifungua mashini. Niliutoa mkono wa ile e, nikausugua kwa mafuta ya taa, nikaunyoosha. Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimesema nimekuja kutengeneza, na nimetengeneza; nani angenidai zaidi? Lakini mashini ikishapona lazima ijaribiwe. Nilitia karatasi. Niliandika kwa Kifaransa kwamba jina langu ni Philémon, na kwamba Venant, mwenye sertifika, alikufa. Kila e ilitoka safi.

Niliiweka mbele ya mkubwa, akaisoma mara mbili.

"Lakini unatumika kazi muzuri," alisema, kama mtu aliyeibiwa mbele ya macho yake. Kisha akanionyesha mlango. Kufika saa sita nilikuwa nimerudisha na ufunguo wa nyumba ya makarani.

Kesho yake nilimngoja mama chini ya dirisha. Aliponiona nje, alitua kikapu polepole.

"Umewaambia?"

"Ndiyo, mama. Sasa niko Philémon."

"Philémon ulikuwa tangu nilikuzala." Alitazama dirisha. Ndani, karani mwingine alikuwa akipiga ile mashini, nayo ililia mfululizo, bila kukwama. "Sasa nani ataitika?"

Aliinua kikapu chake, akapanda njia ya Nyantende na viazi vyote. Hakushuka tena Bukavu mpaka alipokufa.

Baadaye nilijiandikisha masomo ya jioni, nikapata sertifika yangu, yenye jina langu. Iko ukutani hapa ninapoandika. Sijutii. Ingekuwa leo, ningeiweka tena ile karatasi ya kukiri mbele ya mkubwa.

Lakini mwezi uliopita, katika soko la Kadutu, mwanamke mmoja aliita "Venant!" kwa sauti kubwa, akimtafuta mwanawe. "Oui" ilinitoka kabla sijakumbuka. Watu waligeuka, wakamcheka muzee anayeitikia asipoitwa. Si mara ya kwanza.

Hilo sijaenda kulitengeneza kwa mtu.