Filimbi ya Afande na Maji Yaliyotii

Jumamosi alasiri, zimamoto mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi lake la matumbawe, akiunga betri ya gari kwenye pampu. Kando yake palikuwa na ndoo za maji ya chumvi zilizofunikwa, blanketi la kuzuia joto lisitoroke, na pampu ya akiba aliyoihifadhi ndani ya kofia yake ya kazini.

Matumbawe yale yalianza kama kipande cha ukubwa wa kidole gumba, alichonunuliwa na mkewe siku aliyostaafu. Idara yenyewe ilimzawadia saa ya ukutani isiyo na betri. Afande hakusahau, hakuwa mtu wa kusahau. Sasa kipande kile kilikuwa kimejaza kioo kwa zambarau na kijani, na alijua kuwa maji yakilala bila kuzunguka toka jioni, kufikia asubuhi matumbawe yote yatakuwa meupe kama chaki.

Na mtaani kwao umeme ulikatika kama mtu anavyopiga chafya. Transfoma yao ilichukuliwa kwenda kutengenezwa mwaka wa mafuriko, wakaachiwa waya wa kuazima kutoka mtaa wa pili. Kila aliyeuliza aliambiwa kuna nati inasubiriwa kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo Afande alifanya mazoezi ya dharura. Kila Jumamosi alipuliza filimbi sebuleni, akalisomea tangi kanuni: "Usikimbie! Usisukumane! Usirudi kuchukua kitu! Toka, nenda penye usalama, subiri uhesabiwe!"

"Baba watoto, hao samaki unaowafokea hata mshahara huwapi," mkewe alimwambia.

"Moto haungoji mtu ajifunze."

"Moto ndani ya maji! Haya, Afande. Puliza."

Siku hiyo, kabla hajakaza waya wa mwisho, umeme ulikatika kweli. Pampu ikanyamaza. Betri, aliyoapiwa dukani kuwa ni mpya, ikatoa sauti ya mtu anayemeza mate, ikafa. Afande akafanya alichofanya maisha yake yote. Akapuliza filimbi.

Maji yakatoka. Yalipanda ukingo wa kioo bila papara, yakiwa na umbo lilelile la tangi, pembe zimenyooka, samaki wadogo mbele, matumbawe katikati, konokono akifunga mstari. Hayakusukumana. Mkewe aliyafungulia mlango.

"Angalau kuna mtu humu ndani anayekusikiliza," alisema.

Afande alivaa viatu akayafuata. Fundi cherehani wa jirani akasogeza kiti chake ili yapite.

"Mnaelekea wapi?"

"Penye usalama."

"Mkipapata, mniite na mimi."

Maji yalifuata nguzo za umeme, moja baada ya nyingine. Barabarani yalisubiri lori lipite, kisha yakapanda kilima hadi nyumbani kwa mkurugenzi wa ofisi ya umeme. Mlinzi aliyaangalia miguu, akaona hayana tope, akafungua geti. Yakaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, yakatulia kando ya transfoma iliyokuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba, yakaanza kuzunguka. Matumbawe yakafunguka.

Afande aliitambua transfoma. Ubavuni ilikuwa imebonyea palepale ilipogongwa na lori lao la zimamoto, siku dereva aliporudi nyuma huku akimpungia mchumba wake.

Mkurugenzi alitokea na ndala, taulo begani.

"Karibu, mzee. Maji yako haya?"

"Yangu. Na transfoma hiyo ni yetu."

"Hiyo? Hiyo iko kwenye matengenezo. Tunasubiri nati."

"Mbona inanguruma, bosi?"

"Inajaribiwa."

"Tangu mwaka wa mafuriko?"

"Haraka haraka haina baraka, mzee wangu. Yaambie tu yasikanyage maua."

Afande alihesabu samaki. Walitimia. Umeme uliporudi mtaani, maji yaliteremka kilima, yakaingia kwenye kioo chake na kulala.

Wiki iliyofuata Afande alibadilisha matayarisho. Ndoo alizibakiza, maana mtu hatupi ndoo. Lakini bawaba za mlango alizitia mafuta, kisha akachukua kopo la rangi akachora mishale kutoka kizingitini kwake hadi kilimani, na kwenye ukuta wa mkurugenzi akaandika kwa herufi nyekundu: MAHALI PA KUKUSANYIKIA.

Siku hizi umeme ukikatika, filimbi hulia, na mtaa mzima hutoka nyuma ya maji bila kukimbia. Fundi cherehani humaliza suti za watu chini ya taa za bustani. Watoto hufanya hesabu, simu huchajiwa kwa mlinzi, na wasiokuwa na shughuli huja kupiga soga. Ofisi ya umeme imetangaza kwamba malalamiko ya mtaa ule yameshughulikiwa, kwa kuwa hakuna mkazi anayekaa gizani. Transfoma bado iko kwenye matengenezo.

Kabla ya kuteremka, Afande huhesabu watu, huhesabu samaki, kisha husimama mbele ya transfoma, hupuliza filimbi na kuisomea: "Usikimbie! Usirudi kuchukua kitu! Toka, nenda nyumbani!"

Haijasogea.

"Usikate tamaa, baba watoto," mkewe humwambia, akimshika mkono kwenye mteremko. "Samaki nao hawakujifunza kwa siku moja."