Hotpoti la Shadya

Yule mtawala wa kwenye tamthilia alikuwa na bahati, na hilo nilimwambia mwalimu Kalisti mbele ya darasa zima. Alichomwa visu na marafiki zake, akafa, yakaisha. Mimi wenzangu waliniua kwa kunyoosha mikono tu mkutanoni, halafu kesho yake nikafungua duka langu la vitenge pale Nyasubi huku nawatazama. Tena Shadya, shoga yangu tangu tunanyonyesha, duka lake linatazamana na langu. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

"Mama Ayubu, turudi kwenye kitabu," akasema mwalimu. Kijana mpole yule, kwao Ushirombo, anatufundisha jioni sisi watahiniwa binafsi kule Nyahanga. Mimi nilijiandikisha kwa sababu ya upweke, nisikudanganye. Mume wangu alishafariki, Ayubu yuko machimboni Geita, na simu yake inapatikana akitaka yeye. Zamani jioni zangu zilikuwa za Shadya. Tangu waniondoe uenyekiti wa umoja wetu wa akina mama wauza vitenge, hatusemezani. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia friji likinguruma.

Siku hiyo tulikuwa tunachambua wahusika. Mwalimu akauliza kwa nini mtawala hakusikia alipoonywa. Darasa zima likajibu, "Kiburi!"

Nikawaka. "Kiburi cha nini? Kaonywa na mpiga ramli, na mkewe kwa sababu ya ndoto! Wewe ungeacha shughuli zako kwa hayo? Angeonywa na yule rafiki yake mpenzi angesikia. Lakini rafiki mwenyewe alikuwa ananoa kisu!"

Mwalimu hakunibishia. "Basi kaandike insha, Mama Ayubu. Mtetee huyo rafiki. Alikuwa na sababu gani?"

Nimtetee! Niliondoka nimenuna. Kesho yake nikashinda dukani na kalamu, sikupata hata sentensi moja. Sababu zake nitazijuaje, na mtawala mwenyewe alikufa hakuuliza vizuri? Ndipo nikashtuka. Mbona mimi ni mzima? Na anayejua sababu yuko pale ng'ambo, anakunja vitenge.

Mikono mitupu sikuweza kwenda. Kabatini kwangu lilikuwamo hotpoti lake, aliloniletea na wali wa nazi jioni ya kuamkia ule mkutano. Kwetu chombo cha mtu hukirudishi bila kutia kitu, na mimi sikuwa na moyo wa kumpikia. Sasa, asubuhi iliyofuata, nikaamka mapema, nikapika pilau, nikavuka njia.

"Karibu, Mama Ayubu," akasema. Zamani angesema shoga.

Nikaliweka hotpoti mezani, nikamuuliza bila kuzunguka. "Kwa nini, Shadya?"

"Ulihamisha meza zetu za sokoni bila kutuuliza. Ukitaka jambo, limekwisha. Watu walichoka."

"Na wewe ulishindwa kuniambia? Mimi na wewe tunaambiana mpaka ya chumbani!"

Akanitazama. "Ile jioni niliyokuja na wali, unafikiri nilikuja kukulisha?"

Nikalitazama lile hotpoti.

"Nilikuja kukuambia ujiuzulu mwenyewe kabla hawajakuaibisha. Nilikaa mpaka wali ukapoa. Ukasema ya Ayubu, ukasema ya wanachama wajinga, ukasema ya rangi ya bati unalotaka tuezekee meza zile. Kila nikifungua mdomo, 'Subiri shoga, nimalize.' Ikaadhiniwa isha, nikaondoka. Hukumaliza."

Yarabi! Niliikumbuka ile jioni. Niliukumbuka wali, ulivyokuwa mtamu. Sura yake alivyokaa pale kwangu sikuikumbuka hata kidogo.

Machozi yakanitoka hadharani, mtu mzima mimi. Nikavuta kigoda, nikakaa. "Haya, sema sasa. Sifungui mdomo. Sema yote."

Akaingia mama mmoja kutoka Ushetu. "Mwangaluka," akasalimia, akaanza kupekua vitenge. Shadya akamhudumia bila haraka, akamfungia mzigo, akamsindikiza hadi mlangoni. Muda wote huo mimi nimekaa kimya pale kigodani, naogopa hata kukohoa.

Alipomaliza akanigeukia. "Sasa hivi sina la kusema, Mama Ayubu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Akachukua hotpoti, akaliweka chini ya meza yake. "Ahsante kwa pilau."

Insha niliimaliza siku ileile. Mwalimu aliisifu sana, akaisoma mbele ya darasa, wakanipigia makofi. Nikarudi nyumbani nikafungua kabati kutafuta sahani, nikakuta ile nafasi ya hotpoti iko wazi. Muda wote ule lilikuwa linanikera, kila nikiliona roho inapanda. Kumbe lilikuwa ndilo pekee lililobaki kati yetu. Sasa Shadya hana chombo kwangu, na hana cha kumleta mlangoni kukidai.